Utafiti wa ulinzi wa wakimbizi unaofika kwa mwenye kalamu: mwongozo kamili, kuanzia swali hadi saini

Mapendekezo mengi kuhusu wakimbizi hayana mwenyewe. "Serikali na wadau waimarishe ulinzi." Idara ipi? Afisa wa ngazi gani? Abadilishe karatasi ipi, kabla ya lini? Ripoti haisemi, kwa hiyo aliyeletewa huiweka kabatini bila kuona kwamba amekosea, maana hakuna ukurasa uliomwambia yeye afanye nini. Na nyuma ya ripoti hiyo wapo mamia ya watu waliotoa saa nzima kueleza mambo mazito ya maisha yao.

Njia inayoelezwa hapa inaanzia upande wa pili. Unatafuta mahali hasa ambapo ulinzi unakatika, unapapima, kisha unamwandikia mwenye kalamu sentensi anayoweza kuisaini. Inafaa kwa wakimbizi, waomba hifadhi na wakimbizi wa ndani, awe anayefanya kazi ni chuo, shirika la wakimbizi wenyewe au ofisi ya serikali.

Anza na uamuzi

Kabla ya kuandika swali la utafiti, jaza sentensi hii: "Mwezi fulani, mtu mwenye cheo fulani ataamua jambo fulani, na anachokosa ili aamue vizuri ni taarifa fulani." Ukishindwa kujaza nafasi hata moja, una mada, bado huna swali. "Hali ya wakimbizi mijini" ni mada. "Kitambulisho kinachoisha kila mwaka kinawaacha wangapi bila karatasi halali, na kwa siku ngapi?" ni swali, na jibu lake lina mwenyewe: mkuu wa idara inayotoa vitambulisho.

Orodhesha maamuzi yanayokuja ndani ya miezi 18. Humo mna bajeti, kanuni zinazofanyiwa mapitio, makubaliano ya kurejesha watu kwa hiari, mpango wa elimu, na ahadi za nchi kwenye Jukwaa la Kimataifa la Wakimbizi, ambalo hufanyika kila baada ya miaka 4 (la kwanza Desemba 2019, la pili Desemba 2023). Bajeti ndiyo husahaulika zaidi. Matokeo yanayotoka wiki mbili baada ya wizara kufunga makadirio yamechelewa mwaka mzima, hata yakiwa mazuri namna gani.

Kisha jiulize tatizo liko ngazi gani: katiba au sheria ya bunge, kanuni za waziri, waraka wa idara, au mazoea ya dirishani. Dai badiliko la ngazi ya chini kabisa inayotosha. Kama sheria tayari inaruhusu mkimbizi kufanya kazi na kinachomzuia ni fomu inayodai namba ya pasipoti, kudai sheria mpya ni kupoteza miaka kwa kosa la fomu. Upande wa pili, kumbuka kwamba kilichotolewa kwa waraka hufutwa kwa waraka. Haki inayoguswa kila serikali inapobadilika inahitaji ngazi ya juu zaidi.

Jua unamzungumzia nani

Mwisho wa mwaka 2024 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilihesabu watu milioni 123.2 duniani waliolazimika kuhama. Kati yao milioni 73.5 walikuwa bado ndani ya nchi zao. Jumla hiyo moja imebeba makundi yenye haki tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakoiua ripoti mbele ya wanasheria wa wizara.

Mkimbizi kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, kundi fulani la kijamii alilomo, au maoni yake ya kisiasa. Itifaki ya 1967 iliondoa mipaka ya tarehe na ya kijiografia iliyokuwa kwenye mkataba. Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 ukaongeza wanaokimbia uvamizi, kukaliwa na dola la kigeni, au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma. Mwomba hifadhi ni yule ambaye dai lake halijaamuliwa, na kifungu cha 33 cha Mkataba wa 1951, kinachokataza kumrudisha mtu kwenye hatari, kinamkinga naye. Hadhi ya ukimbizi hutambuliwa tu, kwani mtu huwa mkimbizi tangu anapotimiza vigezo, hata kama karatasi itakuja miaka miwili baadaye. Ukiandika kwamba "wamepewa ukimbizi" umeshampa mpinzani wako hoja kwamba kilichotolewa kinaweza kunyang'anywa.

Mkimbizi wa ndani hana mkataba wa dunia nzima. Ana Kanuni Elekezi za 1998, 30 kwa idadi, na barani Afrika ana Mkataba wa Kampala wa 2009, ulioanza kutumika Desemba 2012 na unaozifunga nchi zilizouridhia. Kwa kuwa mara nyingi ni raia wa nchi hiyohiyo, lugha ya "kupewa hifadhi" haimhusu. Anadai kwa serikali yake mwenyewe haki alizokuwa nazo kabla ya kuhama.

Tengeneza jedwali la safu nne: haki, kifungu cha kimataifa, sheria ya nchi, na kinachotendeka. Kwa mkimbizi weka angalau ajira (vifungu 17 hadi 19 vya Mkataba wa 1951), elimu (22), kutembea (26), kitambulisho (27), hati ya safari (28) na kutoadhibiwa kwa kuingia bila kibali (31). Angalia pia nchi iliposaini ilivitenga vifungu gani. Cha 33 hakitengeki. Cha 17 na cha 26 hutengeka, na zipo nchi zilizovitenga. Kumlaumu waziri kwa kuvunja kifungu ambacho nchi yake haikukikubali ni aibu inayoepukika kwa kusoma kwa nusu saa.

Tahadhari moja ya namba: takwimu za wakimbizi wa ndani huja kwa sura mbili. Ipo idadi ya watu walio nje ya makazi yao siku fulani, na ipo idadi ya mara ambazo watu walihama ndani ya mwaka. Familia iliyohama mara tatu huhesabiwa mara tatu kwenye ya pili. Usizijumlishe wala kuzilinganisha.

Fuata karatasi moja

Hii ndiyo sehemu ya kutumia muda mwingi, na kwa kawaida ndiyo inayorukwa, kwa sababu haina dodoso wala programu ya takwimu. Chagua hati moja inayobeba ulinzi, kwa mfano kitambulisho cha mkimbizi, na uifuate tangu mtu anapovuka mpaka hadi hati inapomsaidia, au inaposhindwa kumsaidia. Kila kituo kiandikiwe mambo sita: nani anashughulikia, anadai nini, muda unaotakiwa kisheria, muda unaotumika kweli, gharama inayomtoka mtu (nauli na siku ya kazi iliyopotea zikiwemo), na kinachotokea akikosa.

1. Mapokezi na usajili wa awali: jina limeandikwaje, tarehe ya kuzaliwa imekadiriwa na nani, nani kaandikwa kuwa mkuu wa kaya.
2. Hati ya muda ya mwomba hifadhi: inaisha lini, na mahojiano ya hadhi yamepangwa lini. Tarehe ya kwanza ikitangulia ya pili, pengo limeundwa na ofisi yenyewe.
3. Mahojiano, uamuzi na rufaa: sababu za kukataliwa zimetolewa kwa maandishi? Siku za kukata rufaa zinahesabiwa tangu uamuzi ulipofanywa au tangu mtu alipoupokea?
4. Kitambulisho chenyewe: muda, umbali wa ofisi, idadi ya safari.
5. Matumizi: askari barabarani, laini ya simu, akaunti ya benki, usajili wa mtihani, kibali cha kazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto.
6. Kuisha na kuhuisha.

Kituo cha 5 ndicho chenye siri nyingi. Sheria inasema kitambulisho kinatambulika. Mfumo wa kompyuta wa kampuni ya simu unadai tarakimu nane na cha mkimbizi kina herufi mbili na tarakimu sita. Mhudumu hana ubaya wowote, skrini inakataa. Bila laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, mtu hapokei pesa za msaada kwa simu, kwa hiyo anatumia laini ya jirani na kumkatia chochote kila mwezi. Hapo umeona ulinzi ulivyokatika kwenye kisanduku kimoja cha fomu, na umempata mwenye kukirekebisha.

Kituo cha 1 nacho huzaa matatizo ya miaka. Jina lililoandikwa kwa namna mbili kwenye hati mbili husimamisha kuunganishwa tena kwa familia. Mke aliyeandikwa chini ya kadi ya mume hawezi kuchukua mgao wake ndoa ikivunjika, na akikimbia kipigo, kadi inabaki kwa aliyempiga. Uliza katika kila ofisi utaratibu wa kutenganisha kadi, kisha uulize ni wangapi walioutumia mwaka uliopita. Jibu likiwa sifuri, utaratibu upo kwenye karatasi tu.

Kwa wakimbizi wa ndani, karatasi ya kufuata mara nyingi ni cheti cha kuzaliwa au hati ya ardhi. Kanuni Elekezi ya 20 inazitaka mamlaka zitoe hati bila masharti yasiyo na maana, kama kumtaka mtu arudi alikokimbia ili apate nakala. Sharti hilo bado linakutwa kwenye madirisha mengi. Lipige picha kama limebandikwa ukutani.

Idadi ya kuhoji na namna ya kuwapata

Baada ya kufuata karatasi ndipo unajua cha kupima. Ukitaka asilimia yenye ukingo wa makosa wa 5 juu na chini, kwa uhakika wa asilimia 95, hesabu ya msingi ni watu 384. Lakini hesabu hiyo inadhani umewachagua mmojammoja kutoka orodha kamili, jambo lisilowezekana sana kambini na lisilowezekana kabisa mjini. Ukichagua maeneo kwanza, kisha kaya ndani yake, zidisha kwa 2 kwa sababu majirani hufanana: 768. Ongeza nafasi ya watakaokataa au kukosekana, asilimia 10: gawanya kwa 0.9, unapata 854. Maeneo 43 yenye kaya 20 kila moja ni bora kuliko maeneo 20 yenye kaya 43, ingawa nauli itapanda. Idadi hiyo ni ya kila kundi unalotaka kuliripoti peke yake. Ukitaka kulinganisha wakimbizi na jamii mwenyeji kwa uzito sawa, ni mara mbili.

Mdadisi mmoja humaliza mahojiano 6 ya dakika 40 kwa siku bila kuchoka hadi kuharibu. Wadadisi 8 ni mahojiano 48, kwa hiyo kazi hiyo ni siku 18, na mbili zaidi za kuwarudia waliokosekana. Anayekuahidi siku saba anakuahidi dodoso zilizojazwa chini ya mti.

Orodha ya kadi za mgao inavutia kwa sababu iko tayari, lakini ina mapengo yake. Haina ambao hawajasajiliwa, na mara nyingi hao ndio wenye shida kubwa zaidi ya ulinzi. Ina waliokwisha kuondoka. Na kaya ya kwenye kadi si lazima iwe kaya inayolala pamoja: nusu ya familia inaweza kuwa mjini ikitafuta kazi. Tumia orodha kupata mahali pa kuanzia, kisha hesabu upya makazi katika kila eneo lililochaguliwa. Ndani ya kaya, mchague mtu mzima kwa bahati nasibu. Ukimhoji kila mara mkuu wa kaya, utaandika utafiti wa wanaume wa makamo na kuuita utafiti wa wakimbizi.

Mijini, ambako watu wamejificha kwa sababu zao, kuna njia ya kuponi. Unaanza na watu 6 hadi 10 wa mitandao tofauti (lugha, jinsia, mtaa, mwaka wa kufika), kila mmoja anapewa kuponi 3 za kuwaalika anaowafahamu, na unarekodi kila mtu anafahamiana na wangapi ili kusahihisha uzito baadaye. Huharibika mialiko inapozunguka ndani ya kabila au kanisa moja tu, au posho ikiwa kubwa kiasi cha kuponi kuanza kuuzwa. Weka namba ya kipekee kwenye kila kuponi na uchore mti wa mialiko kila jioni, si mwisho wa kazi.

Ridhaa, wakalimani na maswali yasiyoulizwa

Vibali vya utafiti vya nchi, ruhusa ya mamlaka ya wakimbizi na ruhusa ya kuingia kambini ni vitu vitatu tofauti, na kimoja hakileti kingine. Anza miezi kadhaa mapema.

Ridhaa kwa mkimbizi ina ugumu wake, kwani maisha yake yako mikononi mwa watu wanaobeba mafaili kama wewe. Atakubali kila kitu akidhani kukataa kutamkatia mgao, au kukubali kutampeleka nchi ya tatu. Kwa hiyo sema waziwazi mambo manne: utafiti huu hauongezi wala haupunguzi msaada, hauhusiani na uamuzi wa hadhi wala kuhamishiwa nchi nyingine, unaweza kuacha katikati au kuruka swali lolote, na haya ndiyo ambayo sheria inanilazimu kuyaripoti, kama mtoto yuko hatarini. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Akisema "mtatupeleka Canada", rudia tangu mwanzo. Ridhaa ya mdomo inayosainiwa na mdadisi ni salama kuliko saini ya mhojiwa, kwa sababu karatasi yenye saini ndiyo pekee inayomtaja.

Usiulize "kwa nini ulikimbia" kama swali lako halihitaji. Mtu huyo ameshaeleza au ataeleza historia hiyo mbele ya afisa wa hadhi. Toleo la pili, lililoandikwa kwa haraka na mkalimani mwingine, litatofautiana kwa tarehe au mpangilio. Likipatikana, tofauti hiyo inaweza kutumika kumwita mwongo. Ukihitaji kujua sababu za kuhama, tumia takwimu za jumla za usajili.

Kuhusu ukatili wa kijinsia, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2007 kuhusu utafiti wa aina hiyo wakati wa dharura una msimamo mmoja usio na mjadala: kama hakuna huduma ya kumpeleka anayefichua, usiulize. Huduma maana yake matibabu, msaada wa kisaikolojia na usalama vinavyofikika siku hiyo, na umevikagua mwenyewe kabla. Usiwatafute manusura. Kinachohitajika na sera mara nyingi hupimika bila wao: choo kiko umbali gani, mlango una kitasa cha ndani, njia ina taa, kuni zinaokotwa wapi, kituo cha afya kina dawa za kutumia ndani ya saa 72 baada ya kubakwa.

Mkalimani ndiye anayeuharibu au kuuokoa utafiti. Uliza anatoka upande gani wa mgogoro, ana undugu na viongozi wa kambi, ni mwanamke au mwanamume. Lugha moja haimaanishi upande mmoja. Dodoso litafsiriwe na mtu mmoja, lirudishwe kwenye lugha ya awali na mwingine asiyeliona la kwanza, kisha wote wawili wakae na mkimbizi wa kawaida asiye msomi kuondoa maneno ya ofisini. Wakimbizi wanaoajiriwa kuwa wadadisi walipwe sawa na wengine kwa kazi ileile. Sheria ya nchi ikizuia, liandikwe kwenye ripoti kama tokeo.

Dodoso

Fupi. Kila swali lionyeshwe linaingia jedwali gani la ripoti. Lisilo na jedwali litolewe. Muda wa kukumbuka ufuate uzito wa jambo: chakula siku 7, mapato siku 30, kusimamishwa na askari miezi 3, kuwekwa rumande tangu tukio ambalo kila mtu analikumbuka. Usiulize "je, una ulemavu?", kwa sababu wengi watasema hapana. Tumia maswali sita ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu, kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na uyaache maneno yake yalivyo ili matokeo yalinganishike.

Kwa hali ya makazi tumia viwango vya Sphere, yaani viwango vya chini vya misaada ya kibinadamu, kwa sababu wafadhili na serikali wote wanavitambua: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, mita za mraba 3.5 za kuishi chini ya paa kwa kila mtu, choo kimoja kwa watu 20, chanzo cha maji kisichozidi mita 500. Pima mgawanyo, usitosheke na wastani. Lita 15 za wastani zinaweza kuwa 25 karibu na tangi na 6 pembezoni, na pembezoni ndiko wanakowekwa waliofika mwisho.

Maswali ya nia ya kurudi kwao yana mtego. "Unataka kurudi nyumbani?" hujibiwa ndiyo na karibu kila mtu, na jibu hilo likifika serikalini huwa mabasi ya kuwarudisha. Uliza mambo matatu tofauti: unatumaini kurudi siku moja, unakusudia kurudi ndani ya miezi 12, na nini kingekufanya uondoke mapema. Jibu la tatu likiwa "mgao umekatwa" au "tumeambiwa kambi inafungwa", kurudi huko hakuna hiari, na kifungu cha 5 cha Mkataba wa OAU kinakataza mtu kurejeshwa bila kutaka.

Data

Mnamo Juni 2021 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kwamba taarifa za usajili za Warohingya walioko Bangladesh zilifikishwa kwa serikali ya Myanmar, nchi waliyoikimbia, na kwamba wengi hawakuelewa walichokubali. UNHCR ilipinga, ikisema ridhaa iliombwa. Vyovyote vile, taarifa hukaa muda mrefu kuliko nia njema ya aliyezikusanya.

Majina na namba za simu zikae faili moja, majibu faili nyingine, ufunguo wa kuziunganisha kwa mtu mmoja, na ufutwe kwa tarehe iliyoandikwa tangu mwanzo. Simu za wadadisi zisimbwe na zitume data kila jioni, kisha zifute. Usichapishe kisanduku cha jedwali chenye watu chini ya 5: "wanawake 2 wa lugha fulani, eneo la tatu" tayari ni majina. Ukihitaji ramani, sogeza pointi. Tafiti za afya za DHS husogeza hadi kilomita 2 mijini na hadi 5 vijijini, na bado ramani inasomeka. Picha za nyuso acha kabisa.

Kusoma matokeo bila kujidanganya

Utakuta wakimbizi wa mjini wana mapato makubwa kuliko wa kambini. Usiandike kwamba kambi inasababisha umaskini. Waliofika mjini ni wale waliokuwa na nauli, ndugu au ujuzi tangu awali. Unachoweza kudai ni kidogo lakini kigumu kupingwa: mabadiliko kabla na baada ya sera, yakilinganishwa na eneo ambalo sera ilichelewa kufika. Ndiyo maana ni muhimu kujua tarehe ambayo kila wilaya ilipokea waraka.

Pima pia jamii mwenyeji. Ukionyesha kwamba wakimbizi wanakosa dawa bila kusema kwamba wenyeji nao wanakosa, mbunge wa eneo hilo ataisoma ripoti yako kama tusi, na atakuwa na haki.

Kutoka tokeo hadi pendekezo lenye hesabu

Kabla ya kupendekeza, angalia waliokwisha kujaribu. Makubaliano ya Jordan ya Februari 2016 yalilenga nafasi za kazi 200,000 kwa Wasyria. Vibali vilifungwa kwa mwajiri na sekta, na wanawake walipata sehemu ndogo sana. Uganda, kwa sheria ya 2006, inaruhusu kazi na kutembea na hugawa viwanja kwenye makazi ya wakimbizi, lakini viwanja hupungua ukubwa kadiri watu wanavyoongezeka. Tanzania ilikubali kuwapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 wa Burundi waliofika 1972. Mpango ukakwama miaka kadhaa kwa sharti la kuhama kwanza kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwenda mikoa mingine, hadi sharti lilipolegezwa na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Umoja wa Ulaya ulikuwa na agizo la hifadhi ya muda tangu 2001, lakini uliliwasha kwa mara ya kwanza Machi 2022 kwa waliotoka Ukraine. Kolombia ilitoa mwaka 2021 hadhi ya miaka 10 kwa Wavenezuela. Ukizisoma pamoja, lengo lilikuwa wazi karibu kila mahali. Kilichoamua matokeo ni sharti dogo lililoambatanishwa. Masharti hayo ndiyo ya kutafutia mapendekezo.

Halafu piga hesabu kwa lugha ya idara husika. Tuchukue mfano wa kubuni: vitambulisho 100,000 vinavyohuishwa kila mwaka, dakika 20 za afisa kwa kila kimoja. Ni saa 33,333. Afisa mmoja ana takriban saa 1,600 za kazi kwa mwaka, kwa hiyo maafisa 21 wanafanya kazi hiyo tu. Muda ukiwa miaka 5, wastani ni vitambulisho 20,000 kwa mwaka, saa 6,667, maafisa 4 au 5. Mkuu wa idara ambaye hakuguswa na kifungu cha 27 anaweza kuguswa na maafisa 16 wa kupeleka kwenye mrundikano wa mahojiano ya hadhi. Weka na hasara: taarifa za anwani zitachakaa, na wizara ya usalama itauliza. Jibu lake liwe ndani ya pendekezo, kwa mfano kuthibitisha anwani kwa simu mara moja kwa mwaka bila kitambulisho kupoteza uhalali.

Waraka wa kumpelekea usizidi kurasa 4. Ukurasa wa kwanza ubebe uamuzi unaoombwa, tarehe yake, tokeo moja kuu lenye namba, na gharama. Chaguo ziwe tatu, mojawapo ikiwa "kuacha ilivyo" na gharama yake pia ipigwe. Kiambatanisho cha kwanza kiwe rasimu ya waraka wenyewe, kwa muundo wa idara hiyo, aya kwa aya, tayari kwa saini. Maafisa wengi hawana muda wa kuandika. Wana muda wa kusahihisha.

Peleka kwanza kwa afisa wa ngazi ya kati anayeijua kazi, akutoboe makosa faraghani, kabla ya waziri kuyasikia hadharani. Mlango wa bunge ukifungwa, upo wa mahakama: mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, na 2017 ikazuia kufungwa kwa Dadaab. Utafiti unaotarajiwa kufika huko utunze kumbukumbu za mbinu tangu siku ya kwanza: toleo la kila dodoso, orodha ya maeneo yaliyochaguliwa, na sababu ya kila badiliko.

Matokeo yarudi kwa waliohojiwa kabla ya uzinduzi wowote, kwa lugha yao, kwa sauti na si maandishi tu, katika vikao tofauti vya wanawake, wanaume na vijana. Waulize wapi mmeelewa vibaya, na tokeo gani likitangazwa litawaletea madhara. Wakisema kwamba sentensi fulani itawafanya askari waanze kuvizia njia wanayopita kwenda kazini, sentensi hiyo inatoka, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.